Kwa Nini Mkunga Hunywea Viganjani

Zamani huko Uhindini, watu walipokuwa bado hawajapangwa kama vipago vya ngazi, kijiji kizima kilikunywa kutoka mtungi mmoja. Mwenye kiu alichota kwa kata, akanywa, akaitundika. Hakuulizwa baba yake nani.

Katika kijiji kimoja aliishi Mangari, mwanamke mkali wa mdomo na mwepesi wa mkono. Shoga yake alikuwa Padmini, mke wa kuhani. Walichota maji pamoja, wakagombana, wakapatana kabla mitungi haijajaa.

Siku hizo mzazi alikatiwa kitovu cha mwanawe na wifi yake. Damu ya uzazi ilihesabiwa najisi, basi huyo wifi alikaa kando hadi kuhani amtakase, mambo yakaisha. Lakini uchungu ulimshika Padmini mkesha wa sikukuu ya taa, na aliye najisi hawashi taa.

"Ingia wewe, wifi mkubwa," mawifi wa Padmini walisukumana mlangoni.

"Mimi? Na sari yangu mpya? Thubutu!"

Mangari aliwasikia, akawapiga kikumbo. "Kaeni na sari zenu! Mtoto hangoji sikukuu."

Mtoto alitanguliza miguu. Mangari alimgeuza, akamvuta, akakata kitovu, akazika kondo la nyuma. Kuhani alimwita uani kwa sauti ya asali. "Dada, unajisi wote wa nyumba hii ubebe wewe, mke wangu apate kuwasha taa. Siku ya kumpa mtoto jina nitakutakasa."

Mangari akakubali. Alikuwa mtu wa neno moja, akadhani na wenzake wana neno moja.

Sikukuu ikapita yeye yuko gizani. Siku ya jina alikuja ameoga, akasimama mbele ya kuhani. Kuhani alikuwa ameshashauriana na jamaa zake.

"Nikikutakasa," alisema, macho pembeni, "mke wa ndugu yangu naye ana mimba. Nani atamkatia?"

"Mwenye mikono!"

Wifi mkubwa akacheka. "Wewe umeshachafuka, mama. Kuchafuka mara ya pili hakuumi."

"Na binti zako watakurithi," kuhani akamalizia, "tusigombane kila mwaka." Kisha, ili asiitwe mvunja ahadi, akasema ndivyo miungu ilivyomuumba Mangari tangu mwanzo. Uongo ule aliutamka kama sala, na watu wakauitikia kama sala.

Mangari akamgeukia Padmini. Neno moja la mke wa kuhani lingetosha kumtetea. "Shoga, nipe maji ninywe, niende zangu."

Padmini aliinuka, mtoto kifuani, akachota. Mangari akanyoosha mkono kupokea kata. Padmini akaiinua juu.

"Kinga," akasema polepole.

Wapo wanaosema alikuwa akilia. Alie asilie, kata aliiinua.

Mangari akakinga viganja.

Na tangu siku hiyo, mtoto wa kuhani akija duniani, mikono ya kwanza kumgusa ni ya uzao wa Mangari. Humpangusa, humpiga kofi la kumliza, humpa pumzi. Akikua, akikutana na mikono ile njiani, hukusanya nguo zake zisiguswe. Na mkunga akiomba maji mlangoni humiminiwa kutoka juu, akainama akanywa, mengine yakimchuruzika hadi viwikoni, na huku ndani mtoto aliyemzalisha asubuhi hiyo analia.