Breka Moja kwa Vituo Vitatu

Sogeeni karibu, mnisikilize hadi mwisho, maana huko mwisho nitawahitaji.

Palikuwa na mafundi watatu kwenye njia moja ya umeme wa msongo mkubwa. Eliwaza wa kituo cha Itindi alijaliwa kichwa cha hesabu. Kasian wa Nyamhombo alijaliwa sikio: transfoma ikiguna tu, anajua inaumwa nini. Ngwano wa Usalule yeye alijaliwa moyo usiotetereka.

Kila kituo kilikuwa na sakiti breka, mtambo wa kukata umeme shoti inapotokea. Zilifungwa zamani, umeme ulipokuwa mdogo. Kisha bwawa jipya la kuzalisha umeme likaunganishwa. Eliwaza alipopiga hesabu upya, aligundua jambo: nguvu ya shoti sasa ilizidi uwezo wa breka zote tatu. Siku zitakapotakiwa kukata, zitalipuka.

Alisema vikaoni. Akajibiwa, "Tumekusikia, Injinia. Vuta subira."

Angefanya nini? Hesabu ilikuwa yake, breka hazikuwa zake. Akabaki kupanga na wenzake: shoti ikimpata mmoja, walio mbali wakate upande wao, kwa kuwa huko nguvu ya shoti hufika imegawanyika, na breka zao zingeimudu.

Mchana mmoja kreni iligusa waya kando ya uzio wa kituo cha Usalule. Breka ya pale ikajaribu kukata, ikashindwa, ikawaka moto.

Kule Itindi, Eliwaza aliona mishale ya mita ikiruka. Akadaka redio. "Kasian, kata kwako! Mimi nakata huku!"

Kasian alikuwa ameshaisikia transfoma ikinguruma. Kanuni ilimtaka aombe kwanza ruhusa makao makuu. Hakuomba. Alikata, wilaya nzima ikazimika.

Ngwano alikuwa ameshakimbilia kwenye kreni. Dereva amefungua mlango, mguu mmoja nje. "Usishuke, ndugu yangu! Ukikanyaga chini umekufa!" Akasimama palepale akimbembeleza, mafuta ya moto ya breka iliyokuwa ikiwaka yakimrukia mgongoni, mpaka umeme ukaisha kwenye waya.

Dereva alipona. Angekosekana mmoja kati ya wale watatu, tungemzika.

Breka mpya ikaja baadaye. Moja tu. Usalule walikuwa wamefungiwa nyingine ya stoo, kuukuu kama ile iliyoungua. Mkuu wa makao makuu akampigia Eliwaza simu: "Hesabu ni zako. Chagua wewe kituo cha kuifunga."

Akaenda hospitali. Ngwano, amelala kifudifudi, akasema, "Dada, vijana wangu hawataki tena kuingia uwanja wa mitambo. Nawaambiaje?"

Kasian akampigia. "Dada, nimepewa onyo. Nikikata tena bila ruhusa, nimefukuzwa. Nikisubiri ruhusa, kituo kinaungua na watu wangu. Nifanyeje?"

Na pale Itindi, nyumba za mafundi wake mwenyewe zimepakana na ua wa kituo. Wake zao hawakumwomba kitu. Walimsalimia tu, wakamtazama.

Alirudia hesabu, akiomba kituo kimoja kizidi vingine japo kidogo, apate pa kushikilia. Hatari ilikuwa ileile kote. Akaiweka kalamu, akalia.

Lori lenye breka likasimama njia panda ya vituo vitatu, alipokuwa akilisubiri. Dereva akachungulia dirishani. "Mama, niipeleke wapi?"

Eliwaza akazitazama njia zote tatu. Injini inanguruma, na popote atakapoonyesha, vituo viwili vitabaki vikiomba shoti isije.

Nanyi mliosikia yote, mngemwambia dereva ashike njia ipi? Na wale wa vituo viwili vitakavyokosa breka, mngewaambia nini?