Kitambaa cha Bi Mwanakombo

Hapo zamani, ila si zamani sana, maana mtandao ulikuwa umeshaingia majumbani, Tanga aliishi mjane mmoja, Bi Mwanakombo. Mumewe, Mzee Sefu, alimwachia sauti arobaini alizojirekodi: akimtania, akimwimbia, akimgombeza kwa chai isiyo na sukari. Zilikaa kwenye kompyuta ya nyumbani, naye akizisikiliza kwa simu kila asubuhi. Bila hizo hakutaka hata kutoka kitandani.

Sasa sikilizeni. Bi Mwanakombo aliona ni aibu mgeni kuomba neno la siri la mtandao, kama ilivyo aibu mgeni kuomba maji. Basi akalidarizi kwenye kitambaa cha kochi, uzi mwekundu, maua pembeni. Mgeni anakaa, anasoma, anajiunga, haulizi mtu.

Mwanawe, Shaweji, ndiye aliyeweka mtandao nyumbani. Fundi alimwambia kompyuta nayo iwe na neno lake la siri. Akasema, "Aah, mama atasahau." Akaiacha wazi kwa yeyote aliyejiunga.

Mkewe Shaweji, Tausi, mpenda usafi kupita kiasi, akafua vitambaa vyote na kuvianika kwenye wigo wa mbele, maandishi yakitazama barabara. Mpita njia mmoja, hajulikani hadi leo, akasoma, akajiunga, akaanza kufuta sauti. Kwa raha gani? Mwulizeni yeye.

Tausi alikuwa jikoni akimsikiliza baba mkwe. Sauti ikakatika. Kutazama simu, zinatoweka moja moja! Akakimbia, akachomoa waya wa mtandao. Ilikuwa imebaki moja tu, ile ya mwisho, ya hospitalini.

Bi Mwanakombo akakaa sakafuni. "Nimefiwa mara ya pili," akalia.

Kilio kikamfikia jirani, Mwalimu Dafa, aliyekuwa akicheza karata na marehemu. Akaja kichwa chini. "Bi Mkubwa, nisamehe. Mwaka mzima najiunga na mtandao wako nikiwa kwangu, bila ruhusa. Nilimkumbuka rafiki yangu, nikanakili sauti zake. Ninazo thelathini na tisa. Ile ya hospitalini sikuigusa, ni yenu wawili."

Bibi akacheka na machozi yakimtoka. Kitambaa akakifungia sandukuni. "Neno jipya nitampa mtu mmoja tu, awe mlinzi wa nyumba hii."

Shaweji akasema, "Mama, nipe mimi. Niliacha mlango wazi, kweli. Lakini nani alimbembeleza baba ajirekodi? Bila mimi kusingekuwa na sauti hata moja."

Tausi akasema, "Mama, nipe mimi. Nilianika siri barabarani, kweli. Lakini nani alichomoa waya? Bila mimi ile ya mwisho ingekwenda."

Mwalimu Dafa akasema, "Bi Mkubwa, mimi ni mwizi, sina uso wa kuomba. Lakini bila wizi wangu ungebaki na moja."

Bi Mwanakombo akachukua simu. Akaiwasha ile ya hospitalini. Mzee Sefu akasema, kwa pumzi fupi: "Mwanakombo wangu, nikiondoka usiifunge nyumba. Wageni waje, wakae, wakuchekeshe."

Bibi akawatazama mmoja mmoja, na wote akawapenda, hapo ndipo ugumu ulipo.

Haya, nyie mliokaa hapa na simu zenu mikononi, mtoeni bibi yetu kwenye shida hii: je, nani alistahili kupewa neno jipya?