Zimwi Lililomeza Udongo wa Kaburi

Sogeeni, wanangu, na mwenye chakula mdomoni akimeze kwanza, maana hadithi hii inatia kichefuchefu.

Palikuwa na mwanamke aitwaye Mbodze, aliyeishi na ukoo wake katika msitu walimozikwa mababu zao. Likaja zimwi lenye kanzu nyeupe na marashi mengi, lakini funza walitambaa ndevuni mwake.

“Mama, nipeni msitu huu mkakae kwingine,” likasema.

“Vitovu vyetu vimezikwa hapa,” Mbodze akajibu. “Hatuondoki.”

Zimwi likatafuna miti, likacheua, likauliza tena.

“Hatuondoki.”

Likainywa chemchemi, likatemea makamasi tope lililobaki, likauliza mara ya tatu. Mbodze alikuwa akitapika kwa kinyaa, lakini alisimama mbele ya kaburi la bibi yake.

“Hatuondoki.”

Zimwi likamsukuma, likachota udongo wa kaburi, likaumeza. Mara sauti ya bibi ikatoka tumboni mwa zimwi.

“Mjukuu wangu, nani kanileta mahali panaponuka hivi?”

“Ni zimwi, bibi.”

“Basi mimi natoka.”

Zimwi likatapika udongo, maji na miti pamoja na mizizi yake. Likatapika hadi ikabaki ngozi tupu.

Ukoo mzima wakajifunga vitambaa puani, wakaizika ngozi ile mbali, wakaipanda miti upya. Maji ya chemchemi yalinuka msimu mzima. Waliyachota hivyo hivyo, wakaziba pua, wakayanywa, kwa kuwa yalikuwa yao.

Hapo ndipo ngano yangu ilipotua.