Nyati Aliyesikiliza Matanga Yake

Paukwa!

—Pakawa!

Pakawa gani hiyo ya kunong'ona? Paukwa!

—PAKAWAAA!

Haya. Hapo kale mvua iligoma, kikabaki kisima kimoja tu. Mfalme Nyati akajitupa mbele yake, puu! Akasema, "Changu!" Akija Swala, "Toka!" Akija Ngiri, "Toka!" Akija Kindi na mwanawe aliyekauka midomo, hoi kwa kiu, "Toka!" Wanyama wakamlaani kutwa kucha.

Kindi akarudi peke yake. "Shikamoo, Mfalme. Nimewasikia wakikutukana, nikalia."

"Wananitukana? Mimi?"

"Wewe. Lakini hata marehemu baba yako walimtukana. Alipokufa, wakamsifu mpaka sauti zikawakauka. Si unajua, kwetu maiti hasemwi vibaya. Hebu jifanye umekufa siku tatu, ujisikilizie."

Nyati huyo, kwa kupenda sifa! Akajilaza bondeni, kando ya kisima, macho kafumba. Kindi akamfunika majani, akapiga yowe: "Uwiii! Mfalme katutoka!"

Wanyama wakaja matangani. Na desturi yao ni hii: penye msiba, maji hanyimwi mtu. Kisima kikawa wazi. Gubu! gubu! gubu! Mtoto wa Kindi akanywa, macho yakafunguka.

Nyati akasikia gubu gubu, akataka kuinuka. Mara Ngiri akaangua kilio: "Alikuwa mpole!" Nyati akatulia. Gubu! gubu! Akataka kuinuka. Swala akalia: "Hakuwahi kumnyima mtu maji!" Nyati akatulia, akatabasamu chini ya majani. Na machozi yalikuwa ya kweli, jamani! Mimi mwenyewe nimeduwaa.

Siku ya tatu kiu ikamshinda. Akachomoka, vuu! "Tokeni kisimani kwangu!"

Lahaula! Wanyama wakaganda.

"Ni mimi, Nyati, mfalme wenu!"

Kindi akauliza kwa upole: "Jamani, marehemu wetu alimnyima mtu maji?"

"Hata siku moja!"

"Basi huyu ni nani?"

"Pepo! Anamchafulia jina mpenzi wetu!" Wakamtwanga, pu! pu! pu! Wakamtwanga kwa uchungu wa kumpenda, mpaka akavuka milima saba.

Maji yakawa ya wote. Kesho yake Kindi akamkuta Ngiri kisimani, anakunywa huku analia. "Enzi za Nyati, bwana, tulikunywa tukashiba. Nyinyi wa leo mmetuletea foleni." Makubwa!

Basi wanangu, fundisho ni hili: ukiwa kiongozi mbaya, usihangaike kutubu. Wahi kufa tu.

Hadithi imekomea hapo. Ikiwa tamu, tugawane. Ikiwa mbaya, ngojeni nife, mtaisifu.