Kipande cha Kaniki

Hapo zamani, wala si zamani ya mababu, zamani ya masika haya yaliyopita, palikuwa na mama mmoja mwenye mtoto wa miezi mitatu. Mama huyo ni mimi, na mtoto mwenyewe ni huyu aliyelala mapajani kwangu. Nawaambia ninyi kina mama wenzangu kwa sababu tuko foleni moja ya mzani hapa kliniki, na kwa sababu hakuna hata mmoja wenu wa kijijini kwetu. Nitasema haraka haraka. Akiamka sitamaliza, na kesho asubuhi natakiwa kutoa jibu mbele ya watu wote.

Kwetu Kwembago kuna kundi la kujitolea, tunajiita Wachemchemi. Kila Jumamosi tunakusanyika. Kwanza tunakwenda kwa mtu asiyejiweza, tunamfulia, tunamchotea maji, tunamkandikia ukuta. Halafu tunashuka chemchemini kuokota takataka na kupanda miti. Mwenyekiti wetu ni Zawena, mwalimu wa watoto wadogo, mwanamke mwenye sauti kama filimbi. Yeye ndiye aliyeweka sheria. Kiroba cha chupa na makopo kisifungwe, kitachambuliwa. Kiroba cha nepi, sindano na matambara ya vidonda kifungwe kipande cha kaniki, kile kitambaa cheusi, kiende shimoni kikachomwe.

"Na chenye kaniki?" anauliza Zawena.

"Hakifunguliwi!" tunaitikia wote.

Maana mwaka wa nyuma mtu alifungua, akachomwa na sindano, mkono ukavimba nusura ukatwe.

Jumamosi ile zamu ilikuwa ya Bi Siwatu. Bi Siwatu haoni, na nyumba yake iko njiani, hatua chache kabla ya shimo. Mwaka mzima alikuwa hajavuka kizingiti kwa kuogopa kuanguka. Nilikuwa namwoshea vyombo, yeye kampakata mtoto, anampapasa mashavu.

"Mwanangu, mtoto mnene hivi unamtoa mbele za watu bila kitu cheusi? Watu wana jicho."

"Bibi, hawa ni watu wa huruma."

"Huruma wanayo. Na macho wanayo."

Akachana kipande cha kaniki yake mwenyewe, akanipa. Mimi nimeshazika mmoja, jamani. Ningekataaje?

Nikamfunga mkononi, akaitia mdomoni. Nikamfunga mguuni, akaivuta akaitia mdomoni. Nikaogopa itamkaba. Basi nikaifunga kwenye mkono wa tenga alilolala, nikamfunika khanga kuukuu kwa ajili ya nzi, nikaliweka tenga kivulini pa migomba ya chemchemini, nikashuka kwenye tope.

Kivulini palepale ndipo tulipopanga viroba. Na mimi mwenyewe, asubuhi ileile, nilikuwa nimeshafunga kaniki viroba sita. Mimi mwenyewe niliitikia hakifunguliwi. Nisiulizwe nilikuwa nawaza nini. Nilikuwa nawaza jicho.

Akaja Chande na toroli. Chande ni rafiki wa mume wangu, mtu wa mizaha, yeye kazi yake kuzoa. Kila chenye kaniki anapakia. Kiroba kina kaniki, akapakia. Kiroba kina kaniki, akapakia. Tenga lina kaniki, akapakia. Hakufunua, chenye kaniki hakifunguliwi! Na sisi huku chini tulikuwa tunaimba kwa nguvu zote.

Alipopita mlangoni kwa Bi Siwatu, bibi akauliza, "Nani anapita na mtoto?"

"Mtoto gani, Bibi? Napita na nepi za kijiji kizima!"

"Nepi hazikoromi, wewe Chande."

Chande akacheka. Zawena alikuwa shimoni na kiberiti chake, naye akacheka, akasema, "Bi Siwatu leo ana hamu ya mjukuu."

Chande akamwaga. Zawena akauliza, "Vyote vina kaniki?"

"Vyote!"

Akawasha.

Bi Siwatu akavuka kizingiti. Hakuchukua fimbo. Alitambaa, mikono chini, magoti kwenye changarawe, anapiga kelele, "Zimeni! Kuna mtoto! Zimeni!" Akafuata moshi kwa pua mpaka akaishika sketi ya Zawena, akaing'ang'ania. Na hapo ndipo wote wawili wakasikia kikohozi, kidogo, kama cha paka, kinatoka chini.

Chande akaruka. Alivaa kandambili, zikayeyuka zikamganda nyayoni. Akapiga teke kiroba, akapiga teke kiroba, akalishika tenga linawaka mkono, akalirusha juu. Zawena akalidaka. Khanga imeungua pembe, kipande cha kaniki kimekwisha kuwa majivu, na mtoto hapumui.

Mimi nilifika wakati huo, tope mpaka magotini. Zawena alikuwa amemlaza chini, amemsafisha mdomo kwa kidole. Akampulizia. Kimya. Akampulizia. Kimya. Mtu akasema, "Mwalimu, mwache sasa, ameshakwenda." Zawena hakugeuka. Akampulizia. Kimya. Akampulizia, mtoto akajikunja, akatapika maziwa meusi, akalia.

Nyie, sijawahi kusikia sauti tamu kama ile.

Sasa sikilizeni mzigo wangu. Kwetu mtoto aliyeponea kwenye kifo habaki na jina alilokuwa nalo. Anapewa jina na aliyemwokoa, na huyo anakuwa mzazi wake wa pili mpaka siku ya kuingia kaburini. Mmoja tu, hawawi wawili. Kesho Wachemchemi wanapanda mvule chemchemini, na mvule utaitwa jina hilohilo. Nani atalitoa, nimeambiwa niseme mimi.

Wamekuja kwangu kila mmoja kwa wakati wake.

Bi Siwatu ameletwa kwa toroli. "Mwanangu, sina mtoto, sina mjukuu. Wenye macho walipita naye, wakamcheka mwenye masikio. Kama nisingetoka, wangekuwa wanaimba mpaka sasa. Mwite Siwatu. Sina muda mrefu wa kulitumia jina hili peke yangu."

Zawena alikuja na daftari lake la kundi, hakulifungua. "Mdogo wangu, mimi niliwasha, sikatai. Lakini bibi alisikia mtoto na Chande alitoa maiti. Aliyeirudisha pumzi ni nani? Tangu siku ile siwezi kushika kiberiti, hata chai napikiwa. Nikimsikia anaitwa Zawena nitaamini nimesamehewa. La sivyo, mtafute mwenyekiti mwingine."

Na Chande. Huyu alikuja kwa magongo, akasimama uani, hakutaka kukaa.

"Shemeji, mimi sidai jina langu, mtoto ni wa kike. Naomba aitwe Mwanaidi, jina la mama yangu. Kijiji kizima kinasema nilizoa tenga lisilo na kaniki kwa uvivu wa kutazama. Watoto wananiita Mchoma Watu. Mke wangu amerudi kwao. Nimeapa mbele ya msikiti kwamba kaniki ilikuwepo, nimeiona kwa macho yangu, wananiambia hata kiapo nachezea. Shemeji, ilikuwepo au haikuwepo?"

Nikamwambia, "Sikumbuki."

Ndiyo. Nilisema hivyo, nikamtazama miguu.

Kwa sababu kaniki imeungua. Bi Siwatu anajua niliifunga kwa mtoto, na hajui kwamba baadaye niliihamishia kwenye tenga. Mama mkwe wangu ameshaniambia mbele ya mume wangu, "Ikijulikana kaniki uliifunga wewe kwenye tenga, mjukuu wangu nitamlea mimi, nawe urudi kwenu." Na mume wangu hakunitetea. Nikimchagua Chande wataniuliza kwa nini namheshimu mvivu aliyemzoa mtoto wangu, na nitalazimika kusema. Nikimchagua bibi au mwalimu, hakuna atakayeuliza neno. Nao kweli walimwokoa! Hapo ndipo ninapochanganyikiwa. Ningekuwa nadanganya, ningejua. Lakini kila nikimtaja mmoja, naona ni haki.

Aliyesikia, bila yeye angeungua. Lakini ndiye aliyenipa kaniki.

Aliyeruka, bila yeye angeungua. Lakini ndiye aliyempakia.

Aliyepuliza, bila yeye tungezika. Lakini ndiye aliyewasha, na sheria ni yake.

Na mimi niliyefunga fundo kwa vidole hivi, nikanyamaza mpaka leo, ndiye nimepewa kuchagua!

Huyo nesi ameshaita namba yangu. Tazameni kadi, jina la zamani tumelipiga mstari, juu yake pako wazi. Ataniuliza sasa hivi aandike nani, na kesho wataniuliza kule, mvule ukiwa shimoni na watu wamenizunguka.

Anajinyoosha. Anaamka. Semeni upesi, kina mama: mtoto huyu ni wa nani kati ya hao watatu? Nimwite nani?