Zimwi Lililokunja Njia

Paukwa!

Pakawa!

Sauti gani hiyo ya watu wagonjwa? Paukwa!

Pakawa!

Hapo sawa. Wewe Mbodze, ziache nywele za mwenzako ukae chini. Nasimulia vile ilivyokuwa, sipambi. Anayetaka vya kupambwa aende kwingine.

Hapo kale palikuwa na kijiji kando ya kijito. Maji yake matamu, lakini njia yake ilikuwa tope, mizizi na mawe makali. Wazee walianguka. Wajawazito walianguka. Mbuzi wenyewe walianguka, na mbuzi si mnyama wa kuangukaanguka.

Katika kijiji hicho alikaa mama mmoja, Nyamvula, na binti yake mdogo, Kache. Kache alizaliwa na miguu dhaifu. Akikanyaga mahali palipoinama kidogo tu, chini! Basi Nyamvula alimbeba. Shambani mgongoni, mtoni mgongoni, kwa jirani mgongoni. Na mtoto anakua, mgongo haukui.

Sasa, kwenye kona ya kijito, chini ya mwamba mweusi, lilikaa zimwi. Jicho lake moja, kubwa kama sinia. Ndevu zake za kijani, zimejaa konokono. Watu walizunguka mbali kulikwepa. Wakasema linakula watu. Nani aliyeliona likila mtu? Hakuna. Lakini walisema.

Siku moja Nyamvula aliteleza na mtoto mgongoni, wote wawili wakazama topeni mpaka masikio. Akalia kwa hasira. Akasema, "Kama ni kuliwa, na niliwe." Akaenda hadi mwambani, akasimama na tope lake.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi!"

Kimya.

"Hodi!"

Maji yakatikisika, jicho likatokeza. "Unamwita nani?"

"Wewe. Hapa si kwako?"

"Ni kwangu," zimwi likasema polepole. "Lakini hakuna aliyewahi kunibishia hodi. Mtu hujibu nini?"

"Hujibu karibu."

"Basi karibu. Mbona mna tope hivyo?"

"Ndilo lililonileta, babu. Nataka njia. Njia ya sakafu, tambarare, mwanangu atembee."

Zimwi likamtazama Kache. Kache akalitazama zimwi, akacheka. "Babu, una konokono kidevuni."

"Wamezaliwa humo, mjukuu wangu, niwafukuzie wapi?" Kisha likamgeukia Nyamvula. "Njia nitakujengea. Lakini itapita uani kwangu. Kila anayepita abishe hodi, kama mnavyobishiana wenyewe. Ni hilo tu."

"Ni hilo tu?"

"Ni hilo tu."

"Nimekubali," akasema Nyamvula.

Basi zimwi likazamia, likaibuka na mawe bapa ya kilindini. Kila jiwe likalilamba kwa ulimi mpaka likawa laini kama kiganja. Likayapanga kando ya maji, kutoka mlangoni kwa Nyamvula mpaka barabara kuu. Na yalikuwa mawe yenye uganga. Mguu dhaifu ukija, jiwe linajiinua kidogo kuupokea.

Kache akaweka mguu. Jiwe likaupokea. Akaweka wa pili. Likaupokea. Akatembea! Nyamvula akapiga vigelegele mpaka sauti ikamkauka.

Tangu hapo, jua likipungua ukali, kijiji kizima kilitoka. Mama na watoto, mabibi na mikongojo yao, baba na kitindamimba shingoni. Wakifika mwambani wanaimba:

"Hodi mwenye kijito, tunapita na watoto!"

Na zimwi linajibu kwa furaha:

"Karibuni, piteni, polepole msiteleze!"

Nani angeteleza kwenye njia ile? Hakuna. Lakini lilipenda kusema hivyo.

Siku moja wakaja wageni kutoka mjini, ndugu za mumewe Nyamvula, aliyekuwa akifanya kazi huko. Kiongozi wao wifi yake, Mwanajuma, mwanamke wa kanga mpya na ulimi mkali. Huyu ndiye aliyekuwa akisema, "Kaka, mtoto yule hatatembea. Tafuta mke mwingine." Basi Nyamvula alikuwa na hamu, tena hamu kubwa, wifi yake aone.

Wakatoka pamoja kwenda kutazama shamba. Kache mbele, anatembea kama bibi harusi. Wageni midomo wazi. Walipokaribia mwamba, Mwanajuma akasema, "Wifi, huko mjini tunasikia nyinyi mnasalimia mazimwi. Ni kweli, au watu wanawasingizia?" Wote wakacheka.

Nyamvula akaona haya. Wakapita kimya.

"Mama," akasema Kache, "hatujabisha hodi."

"Nyamaza."

Zimwi likakohoa kidogo, kama mwenye nyumba anayeona watu uani kwake.

"Nini hicho?" akauliza Mwanajuma.

"Chura," akasema Nyamvula.

Wakarudi kutoka shambani. Wakafika mwambani, wakapita kimya.

"Mama, hatujabisha hodi."

"Nimesema nyamaza!"

Zimwi likakohoa kwa nguvu.

"Na hicho?"

"Upepo, wifi. Upepo wa huku una kifua."

Jioni wageni wakaaga, Nyamvula na Kache wakawasindikiza. Wakafika mwambani mara ya tatu. Kache akafungua kinywa, "Hodi mwenye..." Mama yake akambana mdomo kwa kiganja.

"Mtoto anamwita nani?" akauliza Mwanajuma. "Nani anakaa hapo?"

Nyamvula akasema kwa sauti kubwa, ili asikiwe vizuri, "Hapo? Hapo hakai mtu."

Safari hii hakuna aliyekohoa.

Wakawafikisha wageni barabarani, wakapungiana mikono. Nyamvula alipogeuka kurudi, aliona njia ikikunjwa kama mkeka. Zimwi lilikuwa limeanzia mlangoni kwa Nyamvula, limeinama, linakunja, linakuja.

Nyamvula akapiga magoti. "Babu! Nisamehe! Nilipita bila hodi!"

"Kupita si neno," likasema zimwi. "Kenge hupita, na sijamnunia. Wewe umewaambia watu hapo hakai mtu. Basi hakai."

"Niliona haya, babu!"

"Siku ile ya tope hukuona."

Wewe ungejibu nini?

Kache alikuwa bado amesimama kwenye jiwe la mwisho. "Babu, mimi nilitaka kubisha."

"Nilikusikia, mjukuu wangu. Nilisikia na kiganja kikikufunika." Zimwi likamnyanyua taratibu, likamweka mgongoni kwa mama yake, pale pale pa zamani. Kisha likabeba njia begani, likapanda na kijito kwenda juu, huko kusikokaa watu. Konokono mmoja akadondoka, akabaki topeni.

Nyamvula akarudi nyumbani akiteleza. Alipofika akakuta jiwe moja limeachwa mlangoni. Kache akilikanyaga anasimama wima kabisa, kama wenzake. Lakini jiwe moja si njia. Akiinua mguu, hakuna la kuupokea.

Asubuhi Nyamvula alikwenda mwambani. "Hodi!" Kimya. "Hodi!" Kimya. "Hodi!" Hata chura hakulia. Akaenda kesho yake, na siku zote akaendelea kwenda. Wanakijiji walipanga mawe yao wenyewe, tope likayameza. Na Kache akakua, kila jioni amesimama juu ya jiwe lake, anawatazama wenzake wakienda kucheza, wakianguka na kuinuka.

Hadithi yangu miguu yake imefika hapa, haivuki tena. Na msiniulize kama zimwi lilirudi. Halikurudi.

Nanyi sikilizeni. Aliyekusaidia, mtambue hata mbele ya wanaokucheka. Ukimkana atakwenda zake, na watakaoumia si wewe peke yako.

Haya, inukeni mkanawe. Na mkipita kwa Mzee Ngombo pale, bisheni hodi.