Jina la Mjukuu wa Yustina

Mwenye masikio na ayatege, na mwenye hukumu ya haraka aimeze kwanza, maana kisa hiki kimewagombanisha watu wenye busara kutushinda sisi.

Walikuwapo watu watatu, kila mmoja na kipaji chake. Mwalimu Balthazari wa mji wa Nyakeru alijaliwa ulimi. Akizungumza, hata aliyekuja kugombana husahau kilichomleta. Ndekezi, fundi bomba wa mji huohuo, alijaliwa kuijua ardhi iliyo chini ya nyayo za watu, kwani hapakuwa na mfereji ambao hakuwahi kuupita kwa tumbo. Wa tatu hakuwa mtu wa nchi ile. Kapteni Sakala, askari kutoka mbali kusini, alijaliwa ujasiri, na vijana wake walimfuata popote kwa sababu yeye ndiye aliyetangulia.

Mama Yustina hakuwa na kipaji cha kusimuliwa. Aliuza maharage sokoni, na alikuwa na binti mmoja, Sifa, mwenye mimba iliyokaribia siku zake. Jumanne moja waasi walishuka kutoka msituni wakati Sifa yuko kazini, kwenye kiwanda cha kuoshea kahawa. Wakafunga mageti, watu arobaini na mmoja wakiwa ndani, wakatuma neno: "Wenzetu walioko gerezani waachiwe. Ikifika Jumatatu hawajatoka, tutachinja mtu mmoja kila siku."

Serikali ikanyamaza. Jeshi lake lilikwishakimbia wiki iliyotangulia, likaacha hata masufuria jikoni. Yustina akaketi mlangoni pake.

Mwalimu Balthazari alitembea siku mbili hadi mpakani, ilikopiga kambi brigedi ya wageni. Mkuu wao akamwambia, "Pole sana, Mwalimu. Lakini hivi si vita vyetu."

Mwalimu hakubishana. Alitoa karatasi, akaanza kusoma majina ya mateka, mmoja mmoja, na kazi ya kila mmoja. Alipofika kwa Sifa akasita. "Huyu mhesabu kuwa wawili," alisema. Mkuu akaweka kalamu chini. Jumamosi, Kapteni Sakala wa brigedi ile akaingia Nyakeru na malori matatu ya askari.

Ndekezi naye hakuwa amelala. Maji machafu ya kiwanda yalitoka kwa mfereji uliopita chini ya ukuta, na mdomo wake wa ndani ulizibwa kwa nondo. Alhamisi na Ijumaa, jua la mchana lilipomsinzisha mlinzi, alitambaa hadi pale akawatoa watu wawili wembamba waliojipenyeza katikati ya nondo. Waliosalia hawakuweza. Tumbo la Sifa ndilo kabisa.

"Afande, nipe siku tatu," alimsihi Kapteni. "Nazikata nondo kwa msumeno, polepole. Nikimaliza, nawatoa wote kimya kimya."

"Siku tatu ni Jumanne. Jumatatu wanachinja."

"Na ukipiga? Nyumba za watu ziko nyuma ya ukuta huo."

Kapteni aligeukia geti. "Nikipiga, walinzi wote watakimbilia getini. Hapo wewe utapata nafasi yako."

Jumapili asubuhi wakapiga. Kapteni Sakala alikuwa wa kwanza kulifikia geti, na vijana wake wanne wakaanguka nyuma yake. Chini ya ardhi Ndekezi alitupa msumeno akashika nyundo, kwani katika kishindo kile nani angesikia? Nondo zikakatika. Akawavuta watu, mmoja baada ya mwingine, hadi thelathini na tisa. Alipokuwa angali mferejini, bomu moja la mzinga wa wageni liliruka kiwanda, likaangukia nyumba za nyuma. Likaua watoto wawili na Veneranda, dada yake Ndekezi.

Sifa alitoka mferejini amejaa tope la maganda ya kahawa. Yustina akamkumbatia hivyohivyo, na pumzi iliyomkwama kifuani siku sita ikatoka yote kwa mara moja, akacheka kama mwehu. Kabla ya adhuhuri waasi wakakimbia. Kabla ya jioni Sifa akajifungua mtoto wa kiume, mzima, mwenye sauti ya kuchosha majirani.

Mji ukazika watu saba, kisha ukafanya sherehe, maana waliorudi nyumbani walikuwa arobaini na mmoja.

Basi, Nyakeru wana desturi. Mtoto aliyeokolewa akiwa tumboni hupewa jina la aliyemwokoa, na huyo huwa baba yake wa pili hadi kufa. Jina ni moja tu, na anayelitamka ni bibi yake. Siku ya nane watu wakajaa uani kwa Yustina. Pilau ikaliwa, vigelegele vikapigwa. Wale watatu wakaketi mkeka mmoja.

Mwalimu alisema kwanza. "Mimi ndiye niliyewaita wageni. Basi hata makaburi saba yale ni yangu, sitayakana. Lakini nisingewaita, leo tungekuwa na makaburi mangapi?"

Kapteni akavua kofia, akamgeukia Ndekezi. "Bomu lile lilikuwa letu. Sitasingizia upepo. Vijana wangu wanne hawakujua hata salamu ya hapa. Mama zao wataniuliza walikufia nini. Ningependa niwajibu: yuko mtoto."

Ndekezi alimtazama mtoto, akatabasamu, machozi yakimlengalenga. "Nafurahi yu hai. Nilimsikia akipiga teke nilipokuwa nikimvuta mama yake. Lakini mimi niliomba siku tatu. Jina la Kapteni likiitwa kila siku uani hapa, nami nikipita kwenda kaburini kwa dada yangu, nitaitika nini?"

"Bila bunduki zao, nyundo yako ingesikika," jirani mmoja akasema.

"Huenda. Na huenda ningemaliza kwa msumeno. Hatutajua kamwe."

Sifa, aliyechoka lakini uso unang'aa, akamsogezea mama yake mtoto. "Mama, amelala. Sema sasa, watu wanangoja."

Yustina akampokea. Uzito wake mdogo ulimtuliza. Alijua kwamba jina lolote atakalotamka, mtoto huyu ataamka na kudai kunyonya. Akawatazama aliyeita, aliyepiga na aliyetambaa. Akafungua kinywa.

Nanyi mliokaa hapa mkisikiliza, mngekuwa ninyi mmempakata mtoto yule, na jina ni moja tu, mngemwita nani?